Bakuli la Mama, Dirisha la Bati

Kwetu Kiwalani tulikuwa tunakula sinia moja. Tulikuwa wanne: mama, kaka yangu mkubwa, dada, na mimi kitinda mimba. Baba alifariki ningali nanyonya, kwa hiyo mkono wake siukumbuki. Ninaoukumbuka ni wa mama. Alikuwa fundi cherehani, akishonea barazani, na kidole chake cha shahada kilijaa alama za sindano. Hata anawe namna gani, mkono ule ulinukia mafuta ya mashine. Chakula kikikaribia kuisha alisogeza upande wake ubwabwa kidogo na kipande cha ukoko alichokuwa amekificha makusudi, akavifinya pamoja, akachovya kwenye mchuzi uliobaki katikati ya sinia, kisha akanigeukia.

"Haya, achama."

Nami nikaachama. Tonge la mwisho lilikuwa langu, na nyumba nzima ilijua hivyo. Kaka alilalamika kwamba nadekezwa. Ni kweli nilidekezwa, na nilipotafuna nilimtazama machoni ili aumie vizuri.

Sasa mimi ni muuguzi, mtu mzima mwenye watoto wangu, nimelisha wagonjwa nisioweza kuwahesabu. Mama hayupo tena. Lakini nikipita mahali penye mafundi cherehani, harufu ile ikinipiga, mate hunijaa mdomoni kama mtoto. Watu hukumbuka mambo makubwa ya wazazi wao. Mimi namlilia mama kwa sababu ya tonge, na sioni aibu kusema hivyo.

Nilikuwa kidato cha pili alipoanza kukohoa. Mwanzoni ilikuwa vumbi la vitambaa, ndivyo alivyosema mwenyewe na majirani wakakubali. Ikaja tangawizi na limau, ikaja asali ya kuazima. Kikohozi hakikujali. Mashavu yakaingia ndani, kanga ikawa inamzunguka mara mbili, na asubuhi shuka lake lilikuwa bichi kwa jasho. Dada ndiye aliyemshika mkono akampeleka kliniki. Wakampima makohozi. Ilikuwa kifua kikuu.

Walirudi mchana na mfuko wa dawa. Muuguzi alikuwa amemweleza mama mengi: ameze dawa kila siku bila kuruka, afunike mdomo akikohoa, afungue madirisha. Mama aliyasikia yote. Lakini njiani kurudi alipitia dukani kwa mambo yake mwenyewe, ambayo muuguzi hakuyasema kabisa. Alinunua bakuli la bati, jeupe, lenye maua mekundu ubavuni, na kikombe chenye mfuniko.

"Hili langu," alisema, akiliweka juu ya kabati peke yake. "Na hiki changu. Asiguse mtu."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nimesema."

Kwa mama yetu, jibu hilo lilikuwa na kufuli. Mlo uliofuata tulikula watatu kwenye sinia, naye kakaa kwenye kigoda chake cha cherehani, amejipa mgongo, bakuli mapajani. Alipomaliza aliliosha mwenyewe. Alilisugua kwa majivu, akalisuuza, akalimwagia maji yanayochemka, akalianika juani mbali na vyombo vyetu. Sisi tulimsaidia kuchota majivu. Tuliona tunafanya jambo la maana sana.

Na chumba chetu? Mama, dada na mimi tulilala chumba kimoja, na kile chumba kilikuwa hakina dirisha. Yaani dirisha lilikuwepo, ila lilitazama uchochoro ambao ukinyoosha mkono unagusa ukuta wa jirani, na siku moja mwizi alipitisha humo fimbo ndefu yenye ndoano, akavua sare za shule za watoto wa watu ambazo mama alikuwa amemaliza kuzishona. Aliiba mpaka ile iliyokuwa haijawekwa vifungo. Kaka alikasirika, akachukua kipande cha bati, akakipigilia misumari pande zote. Toka hapo tulikuwa tunawasha taa saa nne asubuhi ili tuone kiatu. Mwizi hakurudi, na hewa nayo haikuingia. Mama alikohoa humo, sisi tukalala humo, na bakuli liling'aa juu ya kabati.

Dawa zilifanya kazi yake. Mimi ndiye niliyekuwa namsimamia kumeza kila asubuhi kabla sijaenda shule, nimesimama mbele yake mikono kiunoni kama askari, naye akinitolea ulimi mtupu kuonyesha kwamba vidonge vimekwenda. Siku za kwanza aliona mkojo wake umegeuka mwekundu, akadhani ndiyo mwisho. Alijifunga kanga akaenda kliniki kugomba. Wakamwambia ni rangi ya dawa tu.

"Si mngeniambia mapema?" aliwajibu. "Mie nishaanza kuaga watu!"

Nguvu zikamrudia. Akarudi kwenye cherehani, akaanza tena kuwasema wateja wanaonenepa kabla nguo haijakwisha. Miezi sita ikaisha, akapimwa, akaambiwa amepona. Dada akapika pilau ya kushukuru. Tulitandika mkeka, tukaweka sinia, tukaacha nafasi upande wake ule ule wa siku zote. Mama akaja na bakuli.

"Nipakulie," alimwambia dada.

Dada alimpakulia, mama akalipokea. Akaenda kukaa kwenye kigoda. Tulikula pilau ile kama watu wa msibani, na mwishoni ukoko ulibaki kwenye sinia, hakuna aliyeugusa. Nilijikuta nimeachama kidogo bila kujua. Nikafumba mdomo, nikaondoka kwenda kunawa.

Nilidhani ni la muda. Ikapita miaka. Kaka akaoa, dada akaolewa mtaa wa pili, mimi nikamaliza shule, na bakuli la maua mekundu likaendelea kula peke yake.

Nilikwenda kusomea uuguzi katika chuo kimoja upande wa Mikocheni. Sikwenda kwa sababu ya wito, watu wasinidanganyie historia. Nilikwenda kwa sababu nilipenda sare, na pia nina kisirani, na muuguzi mwenye kisirani watu humsikiliza. Somo la vijidudu na la kukinga maambukizi alitufundisha mkufunzi mmoja kutoka bara, mzee mfupi asiyecheka, ambaye aliingia darasani akinawa mikono na kutoka akinawa mikono.

Zoezi lake la kwanza sitalisahau. Kila mwanafunzi alipewa visahani viwili vya maabara vyenye ute mgumu kama jeli, ambao vijidudu huupenda kuliko sisi tunavyopenda pilau. Unabonyeza ncha za vidole kwenye kisahani cha kwanza. Unakwenda kunawa kama unavyonawaga nyumbani. Unarudi unabonyeza cha pili. Vikafungiwa kwenye kabati la joto, tukaambiwa tuje baadaye.

Wiki ile nilikuwa nimetoka kwenye harusi ya jirani. Nilikuwa na kucha za kubandika, nyekundu, ndefu, ambazo zilinifanya nishike kalamu kama mtu anayeogopa kalamu. Visahani vilipotolewa, cha kwanza changu kilikuwa na madoa kiasi, meupe na ya njano, kama ya wenzangu. Cha pili, cha baada ya kunawa, kilikuwa kimejaa ukingo hadi ukingo. Maji yalikuwa yamezindua vilivyolala chini ya kucha.

Mkufunzi alikinyanyua juu, darasa zima lione.

"Hili shamba la nani?"

"Langu, mwalimu."

"Unalima nini humu?"

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye kiti. Kucha nilizing'oa siku hiyo hiyo chooni, kwa meno na kwa machozi, na sijabandika tena. Lakini tokea hapo nilimpenda yule mzee. Alikuwa ametuonyesha kitu kisichoonekana, na mimi mtu akinionyesha nilichokuwa sikioni, humwachia kiti.

Siku nyingine akaja na somo la njia. Alisema kila kijidudu kina njia yake ya kutoka kwa mtu na njia yake ya kumwingia mwingine, na kazi yetu yote, glavu, barakoa, sabuni, ni kukaa kwenye njia hiyo kama mlinzi getini. Akaandika ubaoni: mikono, chakula na maji, damu, hewa. Akaanza kuyapanga magonjwa. Kipindupindu akakiweka chini ya chakula na maji. Kifua kikuu akakiweka chini ya hewa, peke yake.

Nilinyoosha mkono kabla sijafikiri.

"Na vyombo, mwalimu? Sahani, kikombe?"

"Hapana."

"Hata kama mgonjwa ametoka kulia humo humo sasa hivi?"

"Binti, mdudu huyu hasafiri kwa kijiko. Mgonjwa akikohoa, yeye anabaki anaelea. Chumba kikiwa kimefungwa anakaa humo saa nyingi, anamsubiri atakayevuta pumzi. Kwa hiyo fungua chumba. Sahani ioshe kama sahani." Akafuta chaki mikononi. "Ukifunga njia isiyo yake, umejichosha bure."

Nilikaa. Mwenzangu wa pembeni aliniuliza kama naumwa. Nilikuwa naliona bakuli linameremeta juani kwa majivu yetu, na nyuma yake naliona lile bati na misumari yake. Tulikuwa tumelinda sahani kwa moto na maji, kisha usiku tukajifungia watatu na ugonjwa wenyewe. Kilichotuokoa dada na mimi ni dawa, ambazo kwa wengi humaliza uambukizi mapema sana, na bahati. Majivu hayakuwa na mchango wowote. Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa hicho. Kilichoniuma ni kwamba mama alikuwa amejitenga na sinia miaka yote ile kwa kosa ambalo tonge halikulifanya.

Nilirudi nyumbani mbio, nikatafuta nyundo. Nilikuwa nang'oa msumari wa tatu mama alipoingia.

"We mtoto una wazimu? Unawafungulia wezi?"

"Mama, hili bati ndiyo lingetuua."

"Bati halijawahi kuua mtu. Mwizi ndiye anaua."

Tuligombana mpaka kaka akaitwa. Yeye, namshukuru, alisikiliza, akakuna kichwa, akasema basi tuweke nondo na wavu mzito, fimbo isipite ila upepo upite. Fundi akaja. Bati likashuka. Mwanga uliingia chumbani, tukaona utando wa buibui mkubwa juu ya kabati ambao sijui ulikuwa na umri gani. Mama alikaa kitandani, upepo ukamgusa shingoni, akashika ukosi wake.

"Kumbe chumba hiki kina upepo," alisema.

Nikaona nimeshinda. Nikamsimulia shamba la kucha zangu, nikamweleza njia zote, nikiwa nimesimama, nikitumia maneno ya mkufunzi na mikono yangu isiyo na kucha. Nikaenda mbali zaidi: lile beseni tulilokuwa tunanawia kabla ya kula, wote tukichovya humo kuanzia mkubwa hadi mdogo, nikalipiga marufuku. Mimi kama kitinda mimba nilikuwa nimenawa utotoni mwangu wote kwa maji yaliyokwisha kunawiwa na watu watatu. Nikaleta ndoo yenye koki. Mama alikubali ndoo. Alijifunza hata kunawa kwa hatua, akawa anawafundisha wateja wake barazani, na mmoja asiposugua dole gumba alirudishwa kwenye koki kama mtoto wa chekechea.

Chakula kilipoiva, alinyanyua mkono kuchukua bakuli.

"Mama! Si nimekueleza?"

"Umenieleza. Dirisha nimekupa, beseni nimekupa. Bakuli niachie."

Mganga hajigangi, wanasema. Mimi sikuweza kumganga mama yangu. Wageni niliwaweza. Mwaka wa mwisho tulipelekwa mafunzo ya vitendo kwenye kliniki moja ya kifua kikuu upande wa Temeke. Wagonjwa walikaa nje kwenye mabenchi, kwenye upepo, na mimi nilipewa kazi ya kuwaelimisha. Siku moja alikuwepo mama mmoja wa makamo, amekaa mbali na wenzake. Muda wa kumeza dawa ulipofika nikampa kikombe cha maji, akakataa kwa mkono, akafungua fundo la kanga akatoa kikombe chake mwenyewe, cha bati, chenye maua.

Nilimsalimia shikamoo kwa mara ya pili, sijui kwa nini. Nikapiga magoti mbele yake nikamweleza kila kitu: hewa, dirisha, kikohozi, dawa. Nikamwambia ugonjwa huu haupiti kwenye kikombe wala kwenye sahani. Alikigeuza kikombe chake mkononi.

"Kwa hiyo na wajukuu zangu nitakula nao?"

"Utakula nao, mama. Dawa umeshaanza siku nyingi. Ila dirisha lifunguliwe."

Alicheka. Aliinuka palepale, akasema anawahi nyumbani, leo kuna maharage. Akaniachia na kikombe. Nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikalia kwa wivu, wivu mtupu, kwa sababu ya watoto nisiowajua ambao leo bibi yao atakaa nao mkekani.

Baadaye kaka alijenga Chanika, nyumba ya vyumba vitatu katikati ya mihogo, akamhamishia mama huko. Madirisha yalikuwa makubwa. Mama mwenyewe aliyasimamia, akamwambia fundi hataki nyumba ya kuwashia taa mchana. Mimi nilikuwa nimeajiriwa, nimepanga mjini, lakini Idd zote nilikwenda. Na Idd moja nikapanga hila. Asubuhi, kabla hajatoka msalani, nilichukua bakuli nikalificha kwenye banda la kuku, chini ya pumba.

Sinia likawekwa. Pilau inafuka. Mama akaenda kabatini, akapapasa, akaangalia jikoni, akaangalia uani. Alijua. Alinitazama mara moja tu, kisha akachukua mfuniko wa sufuria, akaugeuza, akamwambia dada, "Nipakulie hapa."

Hapo nikapasuka. Sikujali ni Idd, sikujali watoto wa kaka wanasikiliza.

"Mama, unatuona sie uchafu? Au unataka tuone wewe ndiyo uchafu? Nimesoma, nimekueleza, nimekuapia! Unataka nini tena?"

Mama aliweka mfuniko chini. Aliwaambia watoto wakacheze nje na dada akawatoa. Tukabaki wawili na sinia.

"Mie nilikuwa na mdogo wangu," alisema.

Nilijua alikuwa na mdogo aliyekufa utotoni. Zaidi ya hapo hakuwahi kusema.

"Mama yangu alikuwa anakohoa, kama nilivyokohoa mie. Chakula alikuwa hali, anadonoa tu, anabakisha. Sahani natoa mie. Na kulikuwa na njaa, mwanangu, chakula hakimwagwi. Mdogo wangu ananisubiri mlangoni. Namkusanyia, namfinyia tonge, namwambia achama. Anaachama. Kila siku hivyo. Mama akafa. Na yeye hakukaa, akaanza kikohozi kile kile, akamfuata. Watu wakasema, mtoto kalishwa makombo ya mgonjwa." Aliunyoosha mkono wake wa kulia juu ya mkeka, akautazama kana kwamba si wake. "Na mkono ni huu."

Miaka yote nilidhani anatukinga na mate yake. Kumbe alikuwa anatukinga na mkono.

"Mama," nikamwambia, "mdogo wako alikuwa analala wapi?"

"Na mama. Mtoto yule, angelala wapi?"

"Na mlango?"

"Umefungwa. Mgonjwa apigwe baridi?"

"Basi ni pumzi, mama. Si tonge. Alikuwa anavuta pumzi ya mama yake usiku kucha. Hata usingemlisha, angeumwa vilevile. Ungemnyima lile tonge angekufa hivyo hivyo, tena na njaa."

Alijifunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika, na mimi, muuguzi mzima, sikujua pa kuweka mikono yangu. Alipojifunua macho yalikuwa mekundu.

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Hawakujua."

"Na we una hakika?"

"Nina hakika."

"We si ndiye uliyekuwa na shamba kwenye kucha?"

Tulicheka huku tunalia. Nikaenda kulitoa bakuli bandani, nikaliosha kama sahani, nikampelekea. Akalipokea. Akala humo humo, lakini hakwenda kwenye kigoda. Alikaa ukingoni mwa mkeka, goti lake limegusa goti langu. Nilijua kwamba ameniamini. Mkono wake ndio ulikuwa bado haujaamini, na mkono wa mtu aliyebeba jambo tangu utotoni huwezi kuusomesha kwa somo moja. Nikajiambia Idd ijayo. Kila nilipokwenda nikajiambia ijayo.

Kisha presha ikampanda na kiharusi kikamlaza. Kilichukua upande wa kulia. Ulimi ulikuwa mzito, mguu haukusikia, na mkono wa kulia ulilala juu ya shuka, vidole vimekunjika, alama za sindano zingalipo. Niliutazama nikaelewa kwamba tonge langu sasa halitakuja tena, si kwa hofu wala kwa ukaidi, na nikamwonea Mungu uchungu ambao nilikuja kumwomba radhi baadaye.

Nilichukua likizo, nikahamia Chanika. Dada alikuwa anampa uji kwa kijiko, naye anageuza uso. Akipewa tena anageuza tena. Mchana mmoja nilimkalisha wima kwa mito, dirisha liko wazi, upepo wa mihogoni unaingia. Nilimwonjesha maji kidogo kwanza kuona kama hapaliwi, hakupaliwa. Nikaleta ubwabwa laini wa nazi kwenye bakuli lake la maua, nikaweka kijiko pembeni.

"Nimiminie maji," nikamwambia dada.

Dada alishika kopo. Nilinawa mbele ya mama kama alivyotufundisha yule mzee asiyecheka: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, madole gumba, ncha za vidole, vifundo. Mama alifuatisha kila hatua kwa macho, na nilipotaka kuishia hapo, aliinua kidevu kuonyesha dole gumba la kushoto. Nikalirudia.

Nikafinya tonge. Nililifinya kubwa, kwa ukubwa wa yale yake.

"Haya, mama. Achama."

Aliachama. Akakata nusu. Alitafuna polepole, upande mmoja wa mdomo, akameza, nami nikabaki na nusu nyingine vidoleni nikisubiri. Ndipo mkono wake wa kushoto ukanyanyuka. Kwetu mkono wa kushoto haulishi mtu, na mama asingefanya hivyo hata angebaki na huo peke yake; chakula hakukigusa. Alinishika kifundo cha mkono. Nikadhani ameshiba, anausukuma. Hakuwa anausukuma. Alikuwa anaugeuza, taratibu, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mpaka vidole vyangu vyenye ile nusu ya tonge vikawa vinanitazama mimi.

Nilimwangalia. Alikuwa amekunja uso kama anatunga uzi kwenye sindano, anautafuta ulimi wake.

"Achama," alisema.

Nikaachama.